Kiti Kimoja, Wakuu Watatu

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki jana tulimwacha Povu amesimama juu ya kreti la sabuni, mdomo wazi, na mbele yake watu watatu wamesimama kwa mpigo mmoja.

Kwa mnaojiunga nasi leo, na kwa mliolitumia gazeti la wiki jana kufungia vitu, acheni niwakumbushe upesi. Povu ndiye mwenye kampuni ya kufua nguo. Unabonyeza simu, kijana wa pikipiki anakuja kuchukua mfuko wako, nguo zinafuliwa, zinapigwa pasi, zinarudi zikinukia. Alianza yeye na dada yake uani, wana makarai mawili na kamba moja ya kuanikia. Sasa ana ghala zima, mashine zinanguruma kutwa, na wafanyakazi wamekuwa wengi hadi wengine anawasalimia kwa "habari yako wewe" kwa kuwa majina yao hayajui.

Jina la Povu alipewa na hao hao wafanyakazi, na si kwa sababu ya sabuni peke yake. Povu hupanda haraka, na ukilishika halina mfupa. Mwanamke huyu hawezi kumnyima mtu kitu. Mwendee umenuna, utaondoka na ahadi.

Na hilo ndilo lililomponza. Kampuni ilihitaji Mkuu wa Shughuli, mtu mmoja wa kusimamia kazi yote kuanzia mfuko unapoingia mlangoni hadi unapotoka. Povu akamwahidi kazi hiyo Dada, yaani dada yake wa damu, anayeongoza chumba cha pasi. Akamwahidi pia Kamanda, mkubwa wa vijana wa pikipiki. Halafu akamwahidi Mtaalamu, aliyetoka kampuni kubwa akaja na kompyuta yake na maneno yake marefu. Kila mmoja alimwita pembeni, akamwambia asimwambie mtu, asubiri kikao cha Jumatatu.

Jumatatu ndiyo hiyo. Povu alikuwa amesema tu, "Sasa ningependa kuwatambulisha kwa Mkuu wetu wa Shughuli," wakasimama wote.

"Kaa chini, Kamanda," Mtaalamu alinong'ona. "Ni mimi."

"Wewe nani?" Kamanda aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, na sauti ya kawaida ya Kamanda husikika hadi barabarani.

Dada hakumtazama yeyote kati yao. Alimtazama mdogo wake, pale juu ya kreti, na akaendelea kumtazama.

Hapo, msomaji, mtu mwenye akili timamu angesema nimekosea, jamani, naomba tuzungumze ofisini. Wewe ungesema hivyo. Hata shangazi yangu, ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, angesema hivyo.

Povu aliutazama uso wa Dada, akautazama wa Kamanda, akautazama wa Mtaalamu. Aliona nyuso tatu zilizo njiani kununa.

"Mkuu wetu wa Shughuli," alisema, "ni wote watatu."

Ghala likanyamaza. Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikatoa mlio wake, ikanyamaza nayo. Kisha mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi kwa adabu, na wengine wakamfuata, jinsi watu wanavyoipigia makofi hotuba ambayo hawakuielewa.

Dada hakupiga makofi. Alikaza kamba za aproni yake, akarudi kwenye pasi.

*

Jumanne asubuhi Dada aliamuru mifuko yote ifunguliwe na nguo zipangwe kwa kitambaa. Pamba huku, hariri kule, zinazochuja rangi peke yake. Ndivyo nguo zinavyofuliwa zikapendeza, na hakuna wa kumbishia.

Kabla ya chakula cha mchana Kamanda akaingia, akakuta nguo za mtaa mmoja zimetawanyika ghala zima. Akaamuru zipangwe kwa barabara, ili pikipiki moja imalize upande mmoja wa mji kwa safari moja. Naye hakuna wa kumbishia.

Mchana Mtaalamu akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta, akaamuru kila kitu kipangwe kwa namba ya mteja, la sivyo mfumo hautajua shati la nani liko wapi. Alikuwa na haki kabisa.

Wafanyakazi wakawatii wote, kwa zamu. Ndivyo walivyozoea. Tangu siku za makarai mawili, kampuni hii haikuwa na amri yenye kupingana na nyingine, kwa sababu amri zote zilitoka kwa Povu na zote zilikuwa "ndiyo". Hakuna aliyewahi kufundishwa la kufanya zikija tatu.

Mpanga rafu, mama mmoja mpole mwenye goti bovu, alipanga rafu ile ile mara tatu kwa siku moja. Mwisho akaenda ofisini.

"Bosi, nifuate mpango wa nani?"

"Wewe unaonaje ukifuata yote?" Povu alimjibu kwa upole.

"Naifuata yote, bosi. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi endelea hivyo hivyo. Unafanya kazi nzuri sana."

Mpanga rafu akaondoka na sifa ambazo hakuziomba, na goti lake, na swali lake.

*

Alhamisi simu ikalia.

"Mimi ni mwalimu wa kwaya," ilisema sauti tulivu ya kiume. "Leo saa kumi tunarekodiwa na televisheni. Niliwapa majoho ya zambarau mnifutie vumbi. Mmeniletea kaptura."

Povu akakaa.

"Ni za njano," sauti iliendelea. "Zimekuja na fulana zenye namba mgongoni. Waimbaji wangu wengi ni watu wazima, wana wajukuu. Mmoja ameshavaa, anasema anajisikia mwepesi. Nauliza tu kama huu ndio utaratibu wenu mpya."

"Mwalimu, samahani sana. Majoho yanakuja sasa hivi."

Alikata simu. Kabla hajaiweka mezani ikalia tena. Safari hii alikuwa kocha wa timu ya mpira ya wanawake, mama mwenye sauti nzito isiyo na haraka.

"Kipa wangu amevaa joho," alisema kocha.

"Kocha, naomba radhi, naomba sana..."

"Yeye halalamiki. Anasema mikono ni mipana, hakuna mpira utakaompita. Refa ndiye amekataa. Mechi yetu ni saa kumi."

Saa kumi na saa kumi. Kwaya iko mwisho wa mji upande mmoja, uwanja uko mwisho wa mji upande mwingine, na saa nane ilikuwa imeshapita. Nguo za watu wale zilikuwa zimepangwa kwa kitambaa, zikapangwa kwa barabara, zikapangwa kwa namba, na katika kuhamishwa huko zikabadilishana mifuko.

Povu alitoka ofisini mbio. Wakuu wake walikuwa wameshapata habari. Kila mmoja alikuwa na simu sikioni, na kila mmoja alikuwa akiwasaka wale vijana wawili wa pikipiki waliopeleka mizigo, mmoja akiwa bado uwanjani na mwenzake kwenye kwaya.

"Yachukue majoho, uyalete hapa kwanza," Dada alikuwa anamwambia wa uwanjani. "Yatakuwa yamekunjamana. Kitu kilichopita mkononi mwangu hakiendi kwenye televisheni na mikunjo."

Alipokata simu, Mtaalamu akampata yule yule.

"Usiguse kitu. Piga picha kwanza. Kosa lisipoingizwa kwenye mfumo litajirudia."

Mtaalamu alipokata, Kamanda akaingia.

"Beba majoho, njoo kituo cha mafuta pale katikati ya mji. Mwenzako analeta jezi. Badilishaneni, kila mtu arudi alikotoka."

Vijana wale, kwa adabu zao, walimtii kila mkuu kidogo kidogo. Wa uwanjani alipiga picha, akaanza safari ya ghalani, akageuza kuelekea kituo cha mafuta, akasimama kando ya barabara asijue pa kwenda. Wa kwenye kwaya alikuwa bado anambembeleza babu mmoja avue kaptura.

Aliyesimama barabarani ndiye aliyempigia Povu.

"Bosi, nina majoho mgongoni na amri tatu kichwani. Nimsikilize nani?"

Povu alifungua mdomo. Neno "wote" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limekaa pale linasubiri kutoka. Akainua macho. Dada alikuwa anamtazama. Mtaalamu alikuwa anamtazama. Wafanyakazi wote walioshika nguo, na walioshika ndoo, walikuwa wanamtazama.

Kamanda peke yake hakuwa na habari naye. Alikuwa amewageuzia mgongo, anazungumza na yule wa kwenye kwaya. "Barabara ya soko wanaichimba, usipite huko. Zunguka nyuma ya shule. Ukifika kwenye taa kata kushoto. Huyo mzee mwachie kaptura, leta zilizobaki."

Povu aliirudisha simu mdomoni.

"Msikilize Kamanda," alisema kwenye simu.

"Kamanda peke yake?"

"Peke yake. Mwingine akikupigia usipokee. Hata mimi."

Dada alifungua kamba za aproni, akaivua, akaikunja kwa mistari iliyonyooka, vile anavyokunja shati la mteja anayemheshimu. Akaiweka juu ya mzani wa kupimia nguo. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwaya ingepotea angetafuta nyingine. Timu ingeondoka, timu zipo. Lakini Dada ndiye aliyembeba mgongoni, aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, aliyeinamia karai la pili pale uani wakati hakuna mtu mwingine duniani aliyeamini kwamba kufua nguo za watu kunaweza kuwa kampuni. Bila Dada, ghala lile lingekuwa chumba kikubwa chenye kelele tu.

*

Angekuwa mtu jasiri angemfuata papo hapo. Povu alianza na Mtaalamu, kwa sababu alikuwa karibu zaidi na alimwogopa kidogo.

"Mtaalamu, nisamehe. Mkuu wa Shughuli ni Kamanda."

"Kwa maana ya kipindi cha mpito?" Mtaalamu aliuliza.

"Kwa maana ya kwamba ni yeye."

Mtaalamu alivuta droo, akatoa kiboksi, akakifungua. Ndani kulikuwa na kadi nyingi nzuri zenye jina lake, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, Mkuu wa Shughuli.

"Nimeshachapisha," alisema.

Povu alizitazama. Zilikuwa zimependeza kweli.

"Upande wa nyuma ni mweupe," alisema. "Unaweza kuandikia."

Akasubiri anune, na Mtaalamu akanuna. Alinuna kuanzia kidevu hadi kipaji cha uso. Kisha akafunga kiboksi, akavuta kompyuta, akaanza kutafuta ni saa ngapi hasa majoho yalihama mfuko. Mashine ziliendelea kuzunguka. Dari haikuanguka. Povu alisimama pale kwa muda akishangaa, maana katika umri wake wote hakujua kwamba mtu anaweza kununa na mambo yakaendelea.

"Wamekutana," Kamanda alisema bila kugeuka. "Wamebadilishana. Wanarudi."

Povu akapiga moyo konde, akaenda uani, nyuma ya ghala.

*

Alimkuta Dada katikati ya mashuka yaliyoanikwa, anaokota vibanio vilivyoanguka. Dada akikasirika hukimbilia kazi. Siku ya harusi yake mwenyewe aligombana na mpishi, akaosha vyombo vyote.

"Dada."

"Niko kazini," Dada alisema. "Au na vibanio navyo ni vya Kamanda?"

"Naomba unisikilize."

"Nilikusikiliza, mdogo wangu. Ulinishika mikono yote miwili ukaniambia kuanzia Jumatatu ghala lote ni langu. Nikamwambia shemeji yako. Shemeji yako unamjua, hajui kunong'ona. Mtaa mzima unaniita Mkuu. Muuza mboga ananiita Mkuu. Sasa nirudi niwaambie nini, kwamba tulikuwa watatu?"

"Siku ile ulikuja unalia. Nikaogopa utaniacha."

"Nilikuwa nalia mgongo."

"Mgongo?" Povu aliuliza.

"Mgongo," Dada alirudia, akajishika kiunoni. "Nasimama kwenye meza ya pasi tangu asubuhi. Nguo zimeongezeka, wapiga pasi ni wale wale. Nilikuja kukuomba watu wawili na kiti. Nilifika kwenye neno mgongo tu, ukanikumbatia, ukanipa cheo."

"Ungeniambia kwamba..."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa umenikumbatia. Na mtu akishaitwa Mkuu anaombaje kiti?"

Povu alikaa juu ya kapu lililopinduliwa. Alianza kukumbuka wengine, na kila alivyokumbuka alijiona mdogo zaidi.

"Kamanda naye alikuja kuomba makoti ya mvua ya vijana wake," alisema.

"Akapata?"

"Alipata cheo."

Dada aliuma midomo. Alikuwa na hasira bado na hakutaka kucheka, kwa hiyo aliokota kibanio kingine.

"Haya," alisema. "Mle ndani umeongea na simu. Mimi si simu. Niambie usoni."

Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu, hapo ndipo Povu alipokaribia kuharibu tena. Mdomoni mwake cheo kipya kilikuwa kimeshaanza kuumuka. Mkuu wa Ubora. Mshauri Mwandamizi. Mlezi wa Kampuni, mwenye ofisi yake na jina mlangoni. Kilikuwa kitamu, na kingemaliza ugomvi pale pale hadi Jumatatu nyingine. Alikitafuna, akakimeza.

"Dada, kazi hiyo huipati," alisema. "Kamanda anaiweza kuliko wewe. Anaiweza kuliko mimi. Nilikosea kukuahidi, na nilikosea zaidi kusema ni wote watatu, kwa sababu nilijua palepale kwamba ni uongo."

Upepo uliinua shuka kubwa likawatenga, na kwa muda Povu hakumwona dada yake uso. Muda ule ulimchoma. Alimpenda Dada kuliko kampuni, alilijua hilo waziwazi, na alijua pia kwamba akiyarudisha maneno yake sasa atawapoteza wote wawili, Dada na kampuni. Akabana mikono katikati ya magoti ili isimkumbatie mtu.

Shuka liliposhuka, Dada alikuwa na machozi mashavuni. Hakuyafuta.

"Imeuma," alisema.

"Najua. Niku..."

"Usinipe kitu. Acha iume."

Povu akaacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule. Dada alimaliza kuokota vibanio vyote, akavitia kwenye ndoo, akaja akasukuma bega la mdogo wake ili apewe nafasi kwenye kapu. Wakakaa. Kapu lilikuwa dogo, kila mmoja nusu hewani.

"Unajua umekuwa ukiniambia ndiyo tangu tulipohamia hapa," Dada alisema, "na hata moja sijawahi kuiamini?"

"Hata ile ya likizo?"

"Ile ndiyo kabisa." Dada alipangusa pua kwa kiganja. "Hii ya leo nimeiamini."

Mashuka yalipepea mbele yao. Povu alihisi kitu kimelegea kifuani, kitu kilichokuwa kimemkaba siku nyingi bila yeye kujua kwamba kipo.

"Basi nataka watu wangu wawili," Dada alisema baadaye. "Na kiti chenye mgongo."

"Uta..." Povu alianza, akajiziba mdomo kwa mkono. "Muombe Kamanda."

Dada akageuka polepole. "Nimuombe nani?"

"Kamanda. Ndiye mkuu."

"Mimi, niliyekufundisha kutumia kijiko, niende kwa Kamanda nikaombe kiti."

"Ndiyo, Dada."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwepo, nimekaa kimya."

"Hilo twende nikalione," Dada alisema, akainuka.

*

Kamanda alikuwa ndani ya kichumba cha vioo, kwenye kiti cha Mkuu wa Shughuli, amekalia ukingoni tu kama mtu asiye na uhakika kwamba kimekauka rangi. Dada alisimama mbele yake. Povu aliegemea kabati, akaitazama dari.

Dada aliomba. Kamanda alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo katika kampuni ile lilikuwa geni.

"Mpiga pasi mmoja Jumatatu," alisema. "Wa pili mwezi ujao, nikishapata makoti ya mvua. Kiti leo."

Dada alimtupia jicho mdogo wake. Povu alikuwa bado anachunguza dari, jasho linamtoka.

"Mwezi ujao mwanzoni au mwishoni?" Dada aliuliza.

"Mwanzoni."

"Sawa."

Ilikuwa sawa fupi na yenye kona, lakini ilikuwa sawa. Dada akachukua aproni yake juu ya mzani, akaivaa. Povu alitamani kulia, kucheka, na kumwahidi kila mtu kitu. Hakufanya hata moja.

Simu zikaingia. Mwalimu wa kwaya alisema majoho yamefika, yana mikunjo kidogo, wanaimba hivyo hivyo. Dada alifumba macho aliposikia mikunjo. Kocha alisema mpira umeanza. Kaptura moja haikuonekana, lakini ni ya mchezaji wa akiba ambaye hata hivyo hachezi. Watu wakapumua. Mpanga rafu aliuliza sasa afuate mpango wa nani, akaambiwa wa Kamanda, akarudi kwenye rafu zake bila kuongeza neno, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuchechemea.

Ningewaacha hapo, wasomaji, tukaagana vizuri, kila mtu na amani yake. Lakini mlinzi wa getini alikuwa ameshafika mlangoni.

"Bosi, kuna mgeni," alisema. "Ila anasema yeye si mgeni."

Nyuma yake aliingia mama aliyevuka makamo, mwembamba, amenyooka, sketi imepigwa pasi hadi Dada akaitazama kwa heshima. Kifuani alikuwa amebandika saa ndogo ya wauguzi. Mkononi alikuwa na mkoba wa ngozi uliojaa.

Povu alikunja magoti kwa heshima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa mama mkwe wake. Muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hospitali nzima ilikuwa ikificha vikombe vya chai iliposikia viatu vyake.

"Samahani nimechelewa," alisema mama mkwe. "Uliniambia Jumatatu, lakini nilikuwa na kliniki ya macho."

Povu akaikumbuka jioni moja sebuleni, mama mkwe ameshika kikombe, anasema kustaafu kunamla taratibu, hana wa kumsimamia ila paka. Na akakumbuka sauti yake mwenyewe, tamu, huku akimmiminia chai, ikisema, Mama, mbona kule kwangu tunatafuta mtu kama wewe hasa, wa kusimamia kila kitu.

"Usiniambie na yeye," Dada alinong'ona.

Povu hakumwambia.

"Nimeshawaaga majirani," mama mkwe alisema. "Mumeo amefurahi mpaka amenipigia simu mara mbili." Alichungulia kupitia kioo. "Kiti chenyewe ndicho kile?"

Kamanda, ambaye kwao alilelewa vizuri, aliona mtu mzima amesimama. Akainuka mara moja, akakifuta kiti kwa kiganja, akamvutia. Mama mkwe akamshukuru, akaketi, na yeye hakukaa ukingoni. Alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, akawatazama wote mmoja mmoja jinsi anavyotazamwa muuguzi aliyechelewa zamu.

"Haya, mwanangu," alimwambia Povu. "Nianze na nani?"

Dada akaegemea mlango, akakunja mikono, na kuutazama mdomo wa mdogo wake.